Gofu Lina Mwenyewe?

Tuanze na picha yenyewe, maana mjadala wa sanaa bila kazi ya sanaa mezani hugeuka porojo. Nyuma kuna kiwanda. Paa limetoboka, vyuma vimeshika kutu, majani yameota katikati ya reli. Sehemu hiyo ni ya rangi, pana kama pazia la sinema. Mbele yake wamesimama watu weusi na weupe: nasema rangi ya picha, siyo ya ngozi, ingawa na hilo la ngozi limo. Kuna vibarua wa zamani waliopangwa kwa mstari kama matofali. Kuna mabwana wa Kibelgiji na kofia zao za jua. Watu hao walipigwa picha miongo mingi kabla kiwanda hakijawa gofu. Mtu fulani amewakata kutoka katika picha zao za kale, akawabandika mbele ya kilichobaki cha jasho lao.

Mtu huyo ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, 1978. Mfululizo huo wa picha unaitwa Mémoire, yaani Kumbukumbu, na ni wa mwaka 2006. Tangu hapo picha zimesafiri kuliko watu wengi ninaowajua. Mwaka 2010 zilitundikwa New York, katika maonyesho yaliyopewa jina The Beautiful Time, Wakati Mzuri. Lishike jina hilo, msomaji, maana ndani yake kuna mwiba.

Sasa swali. Je, ni halali kufanya kitu kizuri kutokana na kiwanda kilichokufa, wakati waliokuwa wakila kwa kiwanda hicho bado wapo hai na bado wana njaa? Siulizi kama inaruhusiwa na sheria. Sheria ina watu wake. Nauliza kama ni haki.

Nimelipeleka swali hili kijiweni, mbele ya washikaji wanaojua kuchora, kuandika, na wawili watatu wanaojua kubisha tu. Mmoja wao, mchoraji wa mabango ya maduka, aliitazama picha kwa muda, akairudisha. "Jamaa mkali," akasema, "lakini anauza njaa ya watu. Mzungu ananunua, anatundika sebuleni, anakunywa mvinyo chini yake. Yule aliyesimama pale peku anapata nini? Hata soda hapati." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, maana hoja hiyo siyo ya kuchekea. Ikijibiwa vibaya, basi nusu ya fasihi yetu sisi tunaoandika juu ya walalahoi nayo inaanguka palepale.

Kwanza tuujue mji, ili tusiongelee Lubumbashi kama vile ni mwezini. Mbali kweli, lakini si mbali hivyo. Shaba yake inapita Kasumbalesa, inavuka Zambia, inaingia Tunduma, na inateremka hadi bandari ya Dar es Salaam juu ya malori. Ukisimama kando ya barabara kuu unaweza kuyaona mabamba yamefungwa kwa minyororo. Na watu wake wanaongea Kiswahili. Si hiki cha vitabuni, ni chao, kilichopikwa katika makambi ya wafanyakazi, kikiwa na chumvi ya Kifaransa na pilipili ya lugha za huko. Kwa zaidi ya miaka 20, tangu 1971 mpaka 1997, mkoa wenyewe uliitwa Shaba. Sijui mahali pengine duniani ambapo mkoa mzima ulipewa jina la bidhaa yake, tena kwa Kiswahili.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji ulizaliwa miaka minne baadaye, 1910, ukaitwa Élisabethville. Kwanza kampuni, halafu mji: hesabu hiyo tu inatosha kukuambia nani alikuwa mtoto wa nani. Miaka ya mwanzo vibarua waliletwa kwa nguvu au kwa hila, wakafanya kazi, wakafa au wakatoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaona hasara ya mtindo huo. Ikageuza sera: njoo na mkeo, tutakupa nyumba kambini, tutakupa posho ya unga, mtoto atazaliwa katika hospitali yetu, atasoma katika shule yetu, na akikua atashika kazi yako. Watu wakaja na msemo ambao mpaka leo wazee wa huko wanao mdomoni: kazi njo baba, kazi njo mama. Yaani kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama.

Ukiusikia msemo huo mara ya kwanza unatabasamu. Ukiusikia mara ya pili unaogopa. Baba huyu alitenga mtaa wa weupe na mtaa wa weusi kwa ukanda mtupu wa mita 500, kwa hoja kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka mbali zaidi ya hapo. Baloji ana kazi nyingine juu ya jambo hilo, Essay on Urban Planning ya mwaka 2013, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015: picha za mji zilizopigwa kutoka angani, zikipokezana na picha za wadudu waliochomwa pini, safu kwa safu. Wazo lilitoka katika picha moja ya kale. Wakati fulani mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 waliokufa ndipo apewe posho ya siku. Nzi 50! Hebu mfikirie mtu mzima, baba wa watoto, ametoka zamu ya kuyeyusha shaba, anahesabu nzi kiganjani.

Na baba huyu alipiga risasi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville waligoma kudai mshahara, wakakusanyika katika kiwanja cha mpira, na askari wakafyatua. Walikufa wengi.

Baadaye ukaja uhuru, na mwaka 1967 serikali ya Mobutu ikaitaifisha kampuni. Jina likabadilika mpaka kufikia Gécamines. Baba alibadilisha shati tu. Posho iliendelea, shule ziliendelea, hospitali ziliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Halafu ikaja miaka ambayo mtu wa Lubumbashi akiisimulia anatikisa kichwa. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka chini ya ardhi kule Kolwezi. Mwaka 1991 nchi nzima iliingia katika uporaji. Mwaka 1992 na 1993 wafanyakazi wenye asili ya Kasai, wengi wao mafundi, walifukuzwa wao na familia zao kwa uchochezi wa wanasiasa, wakajazana vituo vya reli. Ilipofika 1994 uzalishaji haukufikia hata tani 50,000. Kutoka laki nne, miaka minane tu.

Mwishowe, mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari! Mtu ambaye hajalipwa mshahara miezi na miezi, unamwekea fedha kidogo mezani na kalamu, halafu unaandika kwamba amependa mwenyewe. Baloji alianza kupiga picha zake muda mfupi baada ya hapo. Kwa hiyo anaposimamisha kamera mbele ya kiwanda, hapigi picha ya historia ya kale. Waliofukuzwa wanakaa mtaa wa pili.

Sasa turudi kwa mshikaji wangu wa mabango.

Lipo jambo ambalo liko upande wake. Tabia ya kupiga picha za magofu imekuwa biashara duniani, na mji unaoongoza ni Detroit, kule Marekani. Mji huo wa magari ulikuwa na watu 1,850,000 hivi mwaka 1950; mwaka 2010 wakabaki 713,777. Wapiga picha wakamiminika. Mwaka huo huo wa 2010 vilitoka vitabu viwili vikubwa vya picha: cha Wafaransa wawili, Yves Marchand na Romain Meffre, na cha Mmarekani Andrew Moore. Ukumbi wa sinema umegeuka maegesho, stesheni kuu imejaa vumbi, saa ya shule imeyeyuka ukutani. Ni picha nzuri mno, sibishi. Lakini tafuta watu ndani yake. Ni wachache kiasi cha kukufanya uhisi mji umehamwa, wakati watu laki saba walikuwa wanapika chakula cha jioni mitaa hiyo hiyo. Wenyeji walikasirika, na wakaja na jina baya la kuziita picha za namna hiyo: ponografia ya magofu. Jina ni kali, lakini limelenga. Ponografia huonyesha mwili ikaficha mtu. Picha hizi huonyesha jengo zikaficha mji.

Kuna ubaya mwingine ambao wengi hawautaji. Gofu likipigwa picha vizuri linafanana na kazi ya wakati. Mvua imenyesha, jua limewaka, miaka imepita, chuma kimelala. Mtazamaji anavuta pumzi, anasema "dunia mapito," anakwenda zake. Hakuna aliyefanya kosa. Kila kitu ni majira, kama jani la mkorosho.

Niliipeleka picha moja ya Baloji kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo kilichofungwa miaka ya 1990, na mafao yake alilipwa nusu, nusu nyingine mpaka leo ni hadithi. Nikamwamkia, nikaketi, nikampa. Nilitegemea aseme neno juu ya wale watu waliobandikwa. Wala. Akavaa miwani, akaisogeza picha mpaka puani, akaanza kuikagua kama anayepokea zamu.

"Hapa palikuwa na mota," akasema, akionyesha kwa ukucha. "Na hapa. Sasa zipo wapi?"

"Labda zimeoza, mzee."

"Chuma hakiozi hivyo, mwanangu. Kutu inakula taratibu, haichagui. Hapa kumechaguliwa. Kilichobaki ni kile kisichobebeka." Akanirudishia picha. "Hili si gofu. Hii ni nyumba iliyovunjwa na wezi, na wezi walikuwa na funguo."

Niliondoka pale nikiwa nimepata somo la uhakiki wa sanaa kuliko semina zote nilizokaa. Na mzee hakukosea: inajulikana kwamba katika miaka ile ya 1990 vifaa vya Gécamines viliporwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na fedha za shaba zilikuwa zimekwisha kuchotwa na vigogo kwa miaka mingi kabla. Gofu la Lubumbashi lina waliolifanya. Basi hapa ndipo ninapoanza kuachana na mshikaji wangu. Hoja yake ni kwamba kuonyesha gofu ni kulinyonya. Mimi nasema inategemea picha inajibu vipi swali la yule mzee: mota zipo wapi?

Picha za Marchand na Meffre hazijibu, haziwezi. Za Baloji, kwa kubandika tu, zinajaribu. Wale watu waliosimama mbele ya kutu wanakataza kuvuta pumzi na kusema dunia mapito. Macho yao yanakutazama wewe. Kibarua wa miaka ya 1930 anasimama mbele ya tanuri bovu la miaka ya 2000, na akilini mwako maswali yanaanza yenyewe: alijenga hiki kwa faida ya nani, na nani alikula, na kwa nini hakuna kilichobaki kwa mjukuu wake? Hata yule bwana mwenye kofia ya jua ameitwa arudi shambani kama shahidi. Hakuna aliyeachwa nje ya kesi.

Lakini, na hapa nataka twende polepole, hao vibarua hawakuombwa ruhusa. Wala mara ya kwanza hawakuombwa. Kampuni iliwapiga picha jinsi ilivyopiga picha mashine na magunia: kwa ajili ya taarifa, kwa ajili ya kuwaonyesha wenye hisa kule Brussels kwamba nguvukazi ipo na ina afya. Mara ya pili, mjukuu wa mji ule ule amewachukua bila kuwauliza, maana wamekwisha kufa. Kuna tofauti? Nadhani ipo, ila si kubwa kama wapenzi wa sanaa wanavyotaka iwe. Nia ya Baloji ni kinyume cha nia ya kampuni, sawa. Lakini aliyekufa hawezi kusoma nia. Anachoweza, kama anaweza kitu, ni kusimama pale alipowekwa. Aliwekwa na kampuni, sasa kawekwa na msanii.

Sisi waandishi tunajua mchezo huu. Tunamchukua mama lishe, kondakta, binti wa kazi, tunamsimamisha katika ukurasa wetu, tunamfanya aseme. Tukishasifiwa tunasema tumempa sauti. Alikuwa bubu? Alikuwa akiongea siku zote, ila sisi ndio tuliokuwa mbali.

Ule mwiba niliousema sasa umefika: Wakati Mzuri. Ukiwasikiliza wazee wa Gécamines, wengi wanaukumbuka wakati wa kampuni kama wakati mzuri. Posho haikukosekana. Mtoto akiugua kulikuwa na daktari. King'ora kikilia mji mzima ulijua saa. Kijana wa leo aliyesoma harakati za ukombozi anasikia haya na kukasirika: wazee hawa wametawaliwa akili! Wanamlilia aliyewahesabia nzi! Nimesoma makala zinazowasema hivyo, na zinaniudhi.

Tuchukulie kwa uzito. Je, ni dhambi kumkumbuka bwana kwa sababu alikulisha? Ningesema kwanza tuangalie wanacholilia hasa. Hawamlilii Mbelgiji. Wanalilia kuwa mtu anayetegemewa. Wakati ule mtu akikosa zamu, kuna aliyeuliza yuko wapi. Aliuliza kwa ubaya pengine, kwa sababu ya faida, lakini aliuliza. Leo mtu huyo huyo anaweza kukaa barazani mwaka mzima na hakuna ofisi yoyote duniani inayotaka kujua kama yu hai. Unyonyaji wa kwanza ulimhitaji. Wa sasa haumhitaji hata kumnyonya. Kati ya mawili hayo, mtu akichagua la kwanza katika kumbukumbu zake, mimi sina ubavu wa kumcheka. Wakati huohuo sitakubali tulipake rangi. Kiwanja kile cha mpira cha 1941 kilikuwa ndani ya Wakati Mzuri huo huo. Yote mawili ni kweli, na nguvu ya picha za Baloji ni kwamba zinaweka yote mawili katika fremu moja bila kutafuta suluhu. Kama angeweka gofu peke yake tungepata huzuni. Kama angeweka picha za kale peke yake tungepata hasira, basi, na tungelala vizuri usiku.

Hata hivyo swali la soda bado lipo mezani. Nani anaziona, na wapi?

Kabla ya Baloji mji ule ulikuwa na wachoraji wa mitaani, na mkubwa wao kwa fikra alikuwa Tshibumba Kanda Matulu. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake kwa picha kama mia moja, akimweleza kila moja kwa Kiswahili mtafiti Johannes Fabian. Mauaji ya wagoma wa 1941 yamo. Picha za namna hiyo, wenyewe walikuwa na neno lake: ukumbusho. Zilichorwa juu ya gunia la unga lililonyooshwa, zikauzwa mlango kwa mlango kwa bei ambayo mfanyakazi na karani waliimudu, zikatundikwa sebuleni mwao juu ya kochi. Fikiria hilo. Mtu aliyetawaliwa kwa kiboko anarudi kazini, anaketi, anakunywa chai chini ya picha ya kiboko. Hakuna aliyemwita mchoraji mnyonyaji. Mnunuzi na aliyechorwa walikuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo penye tofauti, na si katika uzuri wala katika maudhui. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakujulikana alikokwenda. Mshahara wa Gécamines nao ukatoweka, na soko la ukumbusho likafa pamoja nao. Msanii wa Lubumbashi wa kizazi kilichofuata alikuta wanunuzi wamehamia Paris, Brussels na New York. Kumlaumu kwa kuwafuata ni kumtaka afe njaa ili sisi tubaki na roho safi. Tena, kwa haki yake, Baloji hakuufunga mlango nyuma yake. Alishirikiana na wenzake kuanzisha kituo cha Picha, jina la Kiswahili hilo, na tangu 2008 wakaanza maonyesho ya kimataifa ndani ya Lubumbashi yenyewe, ambayo leo ndiyo Biennale ya mji ule. Mwaka 2022 mada yao ilikuwa sumu: mji wenye sumu ya migodi, katika hewa, maji na historia.

Msomaji mwingine atasema, kwa nini fedha hizo za sanaa zisiende kwa wastaafu moja kwa moja? Swali hili limewahi kuulizwa kwa dhati, tena mahakamani. Mwaka 2013 mji wa Detroit ulitangaza umefilisika. Wadai wakaelekeza macho kwenye jumba la sanaa la mji: uzeni hizo picha mtulipe. Ndani ya jumba hilo kuna michoro ya ukutani ya Diego Rivera, aliyoichora 1932 na 1933 kwa fedha za Edsel Ford, ikionyesha wafanyakazi wa kiwanda cha Ford. Machi 1932, mwezi mmoja kabla Rivera hajafika, watu wasio na kazi walikuwa wameandamana kwenda kiwanda hicho hicho wakapigwa risasi. Wanne walikufa siku hiyo. Sanaa, kampuni na risasi, mtaa mmoja. Mwisho wa kesi, 2014, mifuko ya hisani, serikali ya jimbo na jumba lenyewe walichanga ahadi ya zaidi ya dola milioni 800, sanaa ikabaki, na fedha zikaingia katika mfuko wa pensheni. Hata hivyo wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5, na nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha ikafutwa.

Mimi sisemi Rivera angeuzwa. Ninachokiona ni kwamba jumba la sanaa lilipotishiwa, matajiri walipata mamilioni ndani ya miezi. Pensheni ilipotishiwa peke yake, hakuna aliyekimbia. Ilibidi wazee wajifiche nyuma ya picha ndipo waokolewe nusu. Kwa hiyo wale wanaosema sanaa inawanyang'anya walalahoi, hapa ilikuwa kinyume: sanaa ndiyo ilikuwa ngao. Lakini ni aibu gani hiyo, mtu kuthaminiwa kwa sababu amesimama karibu na mchoro wake?

Na jambo la mwisho juu ya neno hili kufa kwa viwanda. Tunaposema Lubumbashi ni mji wa viwanda uliokufa, tunadanganya kidogo. Shaba haijafa. Katika miaka hii ya 2020 Kongo imepita tani milioni 2 kwa mwaka, zaidi ya mara nne ya kilele cha Gécamines, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka kule, inaingia katika betri za simu na magari. Hata ule mlima mweusi wa masalia ya tanuri, alama ya mji pamoja na bomba lake refu la moshi, ulikuwa ukichimbwa upya kutafuta kobalti iliyoachwa ndani yake. Kilichokufa ni ile ahadi: nyumba, posho, daktari, shule. Migodi ipo, baba na mama hawapo. Hivyo maonyesho yoyote yatakayotundika kutu ukutani na kuishia hapo yatakuwa yanawasaidia wachimbaji wapya, kwa kuwafanya watazamaji waamini kwamba kule kila kitu kimelala.

Kwa hiyo jibu langu kwa mshikaji wa mabango ni hili: ndiyo, gofu lina mwenyewe, na msanii anaweza kulitumia kama anayekopa, siyo kama aliyeokota. Deni la Baloji sehemu amelipa. Sehemu moja bado, na naisema kwa heshima kwa kuwa kazi yake naipenda. Picha za Mémoire hazina majina. Kila moja inaitwa Bila Jina, na namba. Najua ni desturi ya majumba ya sanaa. Lakini hawa ni watu ambao kampuni nayo iliwaandika kwa namba, na kuwakuta New York bado wana namba kunanikera.

Ningependa kuziona zikitundikwa katika makambi ya zamani ya Gécamines, mtaa kwa mtaa, ndani ya kumbi za shule, bila kiingilio, na mlangoni liwekwe daftari kubwa la mistari. Mtu akitambua uso aandike: huyu ni babu yake fulani, alikuwa tanuri, alitoka kijiji fulani. Haitachukua fedha nyingi. Itachukua haraka, maana mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile ya kiwanja cha mpira, leo amekwisha kupita 90.